Maji ya Moto Yana Wenyewe: Tuliyoyaona Mataranka, Australia

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku mbili juu ya maji na ardhi)

Asanteni kwa chai na kwa wimbo mliotupokea nao. Wengine wenu mmetembea tangu alfajiri ili mfike hapa, na sisi tumekuja kwa gari, kwa hiyo si haki tuwachoshe kwa maneno mengi. Tutajaribu kusema yale yanayofaa.

Tangu turudi kutoka Australia mmetuuliza kila mara: "Mlienda kufanya nini huko mbali? Mmetuletea nini?" Zawadi hatukuleta. Nauli ililipwa na parokia iliyotualika, na pesa za mfukoni ziliishia njiani. Lakini habari tumeleta, na tumeamua kuitoa leo kwa sababu. Tunajua kuna kikundi kimoja hapa ndani chenye karatasi mezani. Hatutataja kijiji. Kuna mtu anataka kukodi ardhi yenye chemchemi ya maji moto kwa miaka 30, ajenge nyumba za wageni na bwawa la kuogelea. Vijana wanasema, "Hii ni kazi, tusiikatae." Kina mama wanasema, "Na sisi tutafua wapi? Mbuzi watanywa wapi?" Na mmeambiwa sahihi zitiwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Hatukuja kuwaambia mtie sahihi au msitie. Kazi hiyo ni yenu. Sisi tunataka kuwaeleza habari za mji mmoja mdogo ulio mbali sana, wenye chemchemi kama yenu, halafu mpime wenyewe.

SAFARI YA KWENDA MATARANKA

Australia ni nchi kubwa sana. Watu wengi wanaishi kando ya bahari, hasa upande wa mashariki na kusini. Sehemu za ndani ni kavu na zina watu wachache, na nyumba moja hadi nyingine yaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari. Sisi tulishukia Darwin, mji ulio kaskazini kabisa, katika jimbo liitwalo Northern Territory. Huko si nchi ya baridi kama wengi mnavyodhani. Ni nchi ya joto. Kuna misimu miwili tu: msimu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na msimu wa kiangazi. Sisi tulikwenda mwezi wa saba, wakati wa kiangazi.

Kutoka Darwin tulienda kusini kwa barabara moja ndefu ya lami, kilomita 420 hivi, tukipita mji wa Katherine. Mkitaka kujua barabara hiyo ikoje, fikirieni njia ya kwenda Lodwar, ila bila matatu na bila mtu wa kuuza mkaa kando. Ni miti mifupi, majani makavu na vichuguu vya mchwa virefu kuliko mtu. Mara kwa mara tulipishana na malori yanayovuta trela tatu, urefu wake zaidi ya mita 50. Lori likipita, gari lenu linayumba kama mtumbwi.

Mataranka ni mji wa watu mia chache tu. Una barabara moja kubwa, maduka machache, kituo cha petroli, shule na hoteli. Mwenzetu mmoja alishuka garini akatazama huku na huku akasema, "Kumbe ni soko letu siku isiyokuwa ya soko!" Tulicheka. Lakini watu wanatoka pande zote za Australia, wengine siku nyingi njiani, kuja kwenye mji huo mdogo. Wanafuata maji.

MAJI YENYEWE

Kilomita chache kutoka mjini kuna chemchemi zinazotoka chini ya ardhi, katikati ya msitu wa miti jamii ya mitende yenye majani mapana kama ungo. Nje ya msitu ni jua na vumbi. Ukiingia ndani ni kivuli na unyevu. Maji yake ni safi mpaka unahesabu mawe ya chini, na joto lake ni digrii 34, kiangazi na masika, mchana na usiku. Kwa maneno mengine, ni kama maji ya kumwogeshea mtoto, yakiwa yameanza kupoa. Si kama yetu ya Bogoria, ambayo yanatokota na mgeni akikanyaga vibaya anaungua.

Tofauti hiyo ina sababu. Kwetu kwenye Bonde la Ufa, moto wa chini ya ardhi uko karibu na juu, na ndio unaochemsha maji. Mataranka hakuna volkeno. Mvua inazama katika mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, inasafiri chini polepole kutoka mbali sana, inapata joto la ardhi, halafu inatokea juu mahali hapo. Kwa hiyo maji unayoyaoga leo ni mvua iliyonyesha zamani, pengine kabla hujazaliwa.

Chemchemi moja tu kati ya hizo, iitwayo Rainbow Spring, inatoa lita milioni 30 hivi kila siku. Tuliandika hesabu hiyo kwenye daftari na kuigawanya kwa mtungi wa lita 20. Ni mitungi milioni moja na nusu kwa siku! Maji hayo yanaingia mto uitwao Roper, na ndiyo sababu mto huo hutiririka hata wakati wa kiangazi kikali, ukielekea baharini. Samaki, ndege, ng'ombe na vijiji vyote vya chini vinaishi kwa sababu ya maji hayo.

Si kila kitu ni kizuri, tusiwadanganye. Kuna majira ambapo popo wakubwa wanakuja kwa maelfu na maelfu, wananing'inia kwenye miti juu ya maji, na harufu yake ni ya kukimbia. Na msimu wa mvua mto unafurika, mamba wakubwa wanaweza kupanda na mafuriko, kwa hiyo sehemu za kuogea hufungwa mpaka wakaguzi wahakikishe ni salama. Hapo tulijifunza jambo la kwanza: biashara ya maji ya moto si ya miezi 12. Anayewaahidi wageni kila siku ya mwaka, mwulizeni mara mbili.

CHEMCHEMI MBILI, NJIA MBILI

Mahali pa kuogea ni pawili. Pa kwanza pamejengwa: kingo za simiti, ngazi, vyuma vya kushika, njia ya kupitia na kiti cha magurudumu. Wakati wa vita kuu ya pili, baada ya Darwin kupigwa mabomu mwezi wa Februari 1942, jeshi liliweka kambi kubwa Mataranka, na wanajeshi walikuwa wakioga humo. Pa pili, paitwapo Bitter Springs, pameachwa karibu kama palivyoumbwa. Kuna ngazi ya kuingilia na ngazi ya kutokea, basi. Unaingia, unalala juu ya maji kama jani, na mkondo unakubeba pole pole kati ya matete mpaka mwisho. Halafu unatoka, unarudi kwa miguu, unaingia tena. Tuliwaona wazee wa miaka 70 na zaidi wakifanya hivyo kama watoto.

Kila mahali pana faida yake. Palipojengwa panamsaidia mlemavu na mzee asiyeweza kuteremka kwenye utelezi. Palipoachwa panabaki na samaki wake na majani yake. Lakini tulipokuwa tumekaa pale ukingoni, sisi watatu wa ofisi tulinyamaza. Kila mmoja alikuwa akikumbuka jambo moja, na leo tunalitubu mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, kwenye kijiji fulani cha eneo letu, kulikuwa na chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Sisi tulikuja na mradi. Tulikuwa na mifuko 40 ya simiti na fundi kutoka mjini. Bibi mmoja mzee alitwambia, "Hapo kwenye jicho msizibe. Hapo maji hupumua." Tulimwitikia kwa heshima, kisha tukaziba. Tulijenga tangi zuri juu ya jicho lenyewe, tukaandika tarehe kwenye simiti ikiwa mbichi, tukapiga picha. Mvua mbili hazikupita, tangi likawa kavu. Maji yalipozuiwa kupanda yalitafuta njia nyingine, yakatokea chini korongoni, mahali ng'ombe hunywa na kukanyaga. Kina mama wakawa wanachota huko, kwenye tope. Na ile picha ya tangi ilibaki ukutani ofisini kwetu miaka kadhaa, wageni wakija wanaonyeshwa.

Baadaye fundi wa maji alitueleza yale ambayo yule bibi alikuwa ameyasema. Jicho la chemchemi halizibwi, na maji hayalazimishwi kupanda juu kuliko yalivyozoea. Unachimba taratibu nyuma ya jicho mpaka uone yanakotoka, unapanga mawe na kokoto, unaweka bomba chini kidogo ya kimo cha jicho, ndipo unajenga ukuta. Juu yake unachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, na unaweka uzio ili mifugo isikaribie. Kazi hiyo ingetumia nusu ya ile simiti.

MLIMWOMBA NANI?

Siku ya pili, dukani mjini, tulikutana na mzee mmoja wa wenyeji asilia, wale waitwao Waaborijini. Alitaka kujua watu weusi hawa wageni wametoka wapi. Tukamwambia Kenya. Akauliza kama tumekwisha kuoga. Tukajibu kwa furaha, ndiyo, mara tatu! Akatuuliza tena, kwa upole tu, kama kuna mtu wa mahali pale tuliyemwomba ruhusa kwanza, au tuliyemsalimu.

Tulikosa la kusema. Tulikuwa tumesoma kibao cha saa na kibao cha mamba, lakini hatukuwa tumemsalimu mtu. Na sisi ni watu wa kijijini! Nani kati yenu anaingia boma la mtu akachota maji bila hodi?

Yule mzee hakukasirika. Alitueleza kidogo, na mengine tuliambiwa na wenyeji wetu. Nchi ile ni ya Wamangarrayi na Wayangman tangu zamani sana. Wazungu walipofika na ng'ombe katika karne ya 19, walichukua nchi kwa bunduki na kwa karatasi, na wenyeji wengi waliuawa. Ranchi kubwa ikaanzishwa hapo, ikaitwa Elsey. Mwaka 1902 alifika huko mama mmoja Mzungu, Jeannie Gunn, mke wa msimamizi wa ranchi. Mumewe alikufa mwaka 1903, na mama huyo akarudi kwao, kisha mwaka 1908 akatoa kitabu juu ya maisha ya pale. Kitabu kilipata sifa nchi nzima. Mwaka 1982 ilitoka filamu yake, na ile nyumba iliyojengwa kwa ajili ya filamu ipo karibu na maji mpaka sasa. Wageni wanapigwa picha hapo. Kwa hiyo ranchi ile ilijulikana kote kwa jina la mama aliyekaa hapo kama mwaka mmoja, na wale waliokaa hapo maelfu ya miaka walijulikana kama watumishi wake tu.

Waaborijini ndio waliochunga ng'ombe kwenye ranchi za jimbo lile. Wengi walilipwa chakula, tumbaku na pesa kidogo, si mshahara kama wa Mzungu. Mwaka 1966, kwenye ranchi nyingine iitwayo Wave Hill, wachungaji wa kabila la Gurindji wakiongozwa na Vincent Lingiari waliacha kazi wakaondoka na jamaa zao. Watu walidhani wanataka mshahara tu. Kumbe walitaka ardhi yao. Walikaa kwenye kambi yao miaka tisa! Mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alikwenda mwenyewe, akachota udongo akautia katika kiganja cha Lingiari, kuwa ishara ya kurudisha sehemu ya nchi ile. Mwaka uliofuata, 1976, ikapitishwa sheria ya haki za ardhi katika Northern Territory. Leo karibu nusu ya jimbo hilo ni ardhi ya wenyeji asilia kisheria. Na ranchi ya Elsey ilirudishwa rasmi kwa Wamangarrayi mwaka 2000.

Hesabuni wenyewe. Ardhi ilichukuliwa wakati wa mababu, ikarudi wakati wa wajukuu. Waliolala njaa kwa kuidai, wengi hawakuiona ikirudi.

Jambo moja katika sheria yao lilitufurahisha. Mtu akitaka kutumia ardhi hiyo, hatafuti mzee mmoja akampa bahasha. Kuna mabaraza ya ardhi, na baraza haliruhusiwi kukubali mpaka lihakikishe kwamba wenye ardhi wameelewa jambo lenyewe, na wamekubali kama kundi, kwa desturi yao ya kukata shauri. Ona neno hilo, kuelewa. Kutia sahihi bila kuelewa si kukubali.

Je, sasa wenyeji wamekuwa matajiri? Hapana. Hati ya ardhi peke yake haileti shule wala hospitali. Siku tulizokaa pale, wengi wa wale tuliowaona wakiuza vyumba na vyakula hawakuwa wa kabila la mahali pale. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulijiuliza kule: mgeni amekuja, ameoga, amelipa. Je, mwenyeji amepona?

SI MBALI SANA NA SISI

Msiseme, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapa kwetu Kenya, mwaka 1973, serikali ilitangaza hifadhi ya wanyama kuzunguka Ziwa Hannington, ndilo tunaloliita Bogoria leo. Jamii ya Waendorois iliyokuwa ikiishi hapo, ikichunga na kuomba Mungu kando ya ziwa hilo, iliondolewa. Ng'ombe wakazuiwa kufika kwenye majani na chumvi ya kulamba. Watalii wakaja kuchemsha mayai kwenye maji ya moto. Waendorois walikwenda mahakamani hapa nchini wasipate, na mwaka 2003 kesi yao ikafika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba wameshinda: haki yao ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya mali asili na ya maendeleo ilikuwa imevunjwa. Kutoka 1973 mpaka 2010 ni miaka 37. Na kushinda kwa karatasi ni kitu kimoja, kutekelezwa ni kingine. Mengi ya uamuzi ule yamechukua miaka mingine mingi kungojewa.

Na maji nayo yana mambo yake. Katika miaka ya karibuni Ziwa Bogoria limepanda, likameza barabara, lango la hifadhi na baadhi ya zile chemchemi zenyewe. Aliyejenga karibu alipoteza. Kwa hiyo hata tajiri mwenye pesa lazima amsikilize mzee anayekumbuka maji yalifika wapi zamani.

HATARI USIYOIONA KWA MACHO

Kule Mataranka wenyeji wana wasiwasi mpya. Siku hizi kuna mashamba makubwa yanayovuta maji kwa mashine kutoka kwenye yale mawe ya chokaa, kwa kulima matikiti na mazao mengine. Hakuna anayegusa chemchemi. Lakini maji ya kisima na maji ya chemchemi ni chungu kimoja. Ukichovya upande huu, upande ule unapungua. Na kwa vile maji yanasafiri polepole, kosa la leo huenda likaonekana baada ya miaka mingi, wakati mwenye shamba ameshauza na kuondoka.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mnaweza kukataza bwawa la wageni, halafu jirani akachimba kisima kirefu huko juu, na chemchemi ikakauka. Ndiyo maana Sheria ya Maji ya 2016 inataka mtu apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima cha namna hiyo, na inaruhusu watumiaji wa maji ya bonde moja kuunda jumuiya yao na kushiriki kuyatunza. Kikundi cha kijiji kimoja hakitoshi. Wa juu na wa chini lazima wakae pamoja.

Na tusisahau afya. Watu wanadhani maji ya moto ni dawa. Kuoga, sawa, yanalegeza mwili. Lakini maji mengi ya Bonde la Ufa, hasa ya moto, yana madini ya floridi kupita kiasi. Ndiyo yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakinywewa miaka mingi yanaweza kuharibu mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Hakikisheni maji yenu yamepimwa kabla ya kuyaita ya kunywa.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KALAMU

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Tunatoa mambo matano.

1. Ardhi hiyo ni ya nani kisheria? Kama ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii iandikishwe, na mkataba wa mwekezaji ukubaliwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii, baada ya mashauriano ya wazi. Mwenyekiti na karani hawatoshi, hata wakiwa watu wema. Kama ardhi haijaandikishwa, kaunti inaishika kwa niaba yenu tu, hairuhusiwi kuiuza.

2. Nani ameisoma karatasi yote? Itafsiriwe, isomwe kwa sauti katika baraza, kwa lugha ambayo bibi wa mwisho anaielewa. Mkiambiwa hakuna wakati wa kusoma, basi hakuna wakati wa kutia sahihi. Maji haya yalikuwako kabla ya mwezi huu na yatakuwako mwezi ujao.

3. Maji ya nyumbani yataandikwa wapi? Msikubali neno la mdomo kwamba "kina mama wataendelea kuchota". Iandikwe njia gani, bomba gani, saa gani, mifugo itanywa wapi. Na ikiwezekana fanyeni kama Mataranka: sehemu moja ijengwe, nyingine iachwe kama ilivyo.

4. Pesa zitaingia vipi, na zitatoka vipi? Kodi ya mwaka ni kiasi gani, itapanda baada ya miaka mingapi, vijana wangapi wataajiriwa na kufundishwa kazi gani? Kulinda lango miaka 30 si kazi ya kumkuza kijana. Mbona asifundishwe kupika, kuongoza wageni, kuandika hesabu? Na kikundi kiwe na akaunti yenye watia sahihi watatu, na ripoti isomwe mbele ya watu.

5. Akiondoka, atawaachia nini? Wengi wanauliza habari za kuingia, wachache habari za kutoka. Mkataba useme nani atasafisha mahali, majengo yatakuwa ya nani, na chemchemi ikiharibika atalipa nini.

Mkipima hayo yote mkaona yafaa, tieni sahihi bila hofu. Hatusemi kila mwekezaji ni mwizi. Wengine ni watu wa haki, na mtu wa haki hakasiriki akiulizwa maswali. Mkipima mkaona haifai, kataeni kwa adabu, na hapo vijana wasiachwe mikono mitupu. Keti nao, mtafute mradi mdogo ambao kikundi chenyewe kinauweza: banda la chai, choo safi, njia nzuri, ada kidogo kwa kila mgeni.

NENO LA MWISHO

Asubuhi ya kuondoka Mataranka tulirudi kwenye maji mara ya mwisho. Hatukumwona yule mzee. Lakini kabla ya kuingia tulisimama kando, tukasalimu mahali pale kwa sauti, kwa Kiswahili, tukasema sisi ni wageni kutoka Kenya, tunaomba kuoga, hatutaharibu. Mzungu mmoja aliyekuwa akijifuta kwa taulo alitutazama sana. Hatujui kama tulifanya inavyotakiwa. Tulijua tu kwamba ile siku ya mifuko 40 ya simiti, hilo ndilo tulilokosa kufanya.

Ile picha ya tangi tumeiondoa ukutani. Na mwezi jana tulirudi kwenye kijiji kile kuomba msamaha. Yule bibi alikwisha kufariki. Binti yake alitupokea, akatupeleka korongoni, akatuonyesha jicho jipya lilipo. Kikundi chao kimekubali kuanza upya nasi, lakini kwa sharti lao: wao ndio watakaoonyesha pa kuchimba, na sisi tutabeba mawe. Tumekubali. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya, kwa bahati, yalihama tu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani hutumia chemchemi au kisima kila siku, na nani huamua habari zake? Je, ni watu wale wale?

2. Ni mradi gani uliletwa kwetu bila sisi kuulizwa? Tulinyamaza kwa nini?

3. Wazee wanakumbuka nini juu ya maji yetu: yalitokea wapi zamani, yalikauka mwaka gani, yalifurika mpaka wapi? Nani ataandika hayo kabla hawajatuacha?

4. Karatasi ikija kesho, itasomwa na nani, wapi, na kwa lugha gani?

Tukutane hapa kesho saa tatu asubuhi kusikia majibu yenu.